Hesabu ya d5: shambulio la Fegatello linavyoua, na linapokwama

Kwenye mashindano ya chesi ya wikiendi hapa Mwanza, hasa yale ya vijana ambapo kila mchezaji anapewa dakika 15 au 20, huwa kuna meza moja au mbili zinazomaliza mapema kuliko nyingine zote. Majirani bado wanatoa farasi, wao tayari wanasaini karatasi. Ukisoma hatua zilizoandikwa, mara nyingi utakuta mfalme mweusi aliburutwa hadi katikati ya ubao kwenye hatua ya 7, na chanzo ni kilekile: Utetezi wa Farasi Wawili, na ndani yake shambulio la Fegatello, ambalo wengine wanalifahamu kama Ini la Kukaanga.

Ni shambulio la zamani sana. Mchezo wake wa mwanzo unaojulikana zaidi ni wa Mtaliano Giulio Cesare Polerio, uliochezwa Roma mwaka 1610 hivi. Kwa hiyo kinachowaponza vijana wetu si upya wake. Wengi wanalikariri vizuri kwenye simu hadi hatua ya 7. Wasichokijua ni kile kinacholibeba. Ndiyo maana anayeshambulia huishia kupoteza kete bure, na anayejitetea hufa huku ana farasi mzima wa ziada. Jambo lenyewe liko kwenye mraba mmoja, d5. Anayejua kuhesabu ni kete ngapi zinaushambulia na ngapi zinaulinda anaweza kucheza pande zote mbili bila kukariri sana.

Kwa asiyezoea maandishi ya hatua: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na askari hana herufi. Herufi ndogo na namba, kama d5, ni jina la mraba. Alama ya x ni kula, + ni cheki (mfalme anashambuliwa), # ni chekimeti. O-O ni mfalme kuingia ngomeni, yaani anasogea miraba miwili kuelekea ngome na ngome inaruka kukaa upande wake wa pili; O-O-O ni hivyohivyo upande wa malkia. Nukta tatu baada ya namba zinaonyesha kuwa hatua ni ya Mweusi.

Farasi anavyopata njia ya g5

Mchezo unaanza kwa utulivu: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6. Hatua ya tatu ya Mweusi ndiyo inayofungua mlango. Kabla yake malkia wa d8 alikuwa anaona mshazari wote kuanzia e7 hadi g5, na farasi mweupe angethubutu kwenda huko angeliwa. Sasa farasi wa f6 amemziba. Anayecheza 3...Bc5 hana shida hii, kwa sababu 4.Ng5 inajibiwa kwa 4...Qxg5 na biashara imekwisha.

Baada ya 4.Ng5, mraba wa f7 unashambuliwa na kete mbili, farasi wa g5 na askofu wa c4, na unalindwa na mfalme peke yake. Kumleta malkia e7 hakusaidii sana: 5.Bxf7+ inamlazimisha mfalme kwenda d8, askari ameliwa, na haki ya mfalme kuingia ngomeni imepotea kwa mchezo wote. Jibu la kawaida ni 4...d5, linaloziba mshazari wa askofu. Mweupe anakula: 5.exd5.

Hapa njia zinagawanyika, na hapa ndipo michezo mingi ya Mwanza inapoamuliwa. Mji huu una wacheza drafti wengi. Vijiwe vya Kirumba, Makoroboi na stendi ya Nyegezi vinajaa watu kila jioni, na wachezaji wengi wa chesi walianzia huko. Kwenye drafti kula ni lazima. Mkono uliolelewa na drafti ukiona askari mweupe d5 na farasi wake f6 anaweza kumla, unakula kabla kichwa hakijauliza chochote: 5...Nxd5. Kwenye chesi hakuna anayekulazimisha kula, na hatua hii ndiyo Mweupe anayoisubiri.

Kafara na hesabu yake

6.Nxf7. Farasi anamshambulia malkia wa d8 na ngome ya h8 kwa mpigo mmoja, kwa hiyo 6...Kxf7 ni kama lazima. Kisha 7.Qf3+. Hiyo ni cheki, lakini uzito wake uko kwingine: malkia na askofu wote wanaelekea kwa farasi wa d5.

Mweusi ana sehemu tatu kuu za kumpeleka mfalme, na mbili zinamwacha farasi. Akienda g8, 8.Bxd5+ inaua. Akikinga kwa 8...Be6, basi 9.Bxe6#. Akila kwa 8...Qxd5, basi 9.Qxd5+ Be6 10.Qxe6#. Akienda e8, 8.Bxd5 inatishia Qf7#. Mweusi anaweza kuikinga, lakini Mweupe amerudisha farasi wake, ana askari mmoja wa ziada, na mfalme mweusi amekwama katikati akiwa hana ruhusa tena ya kuingia ngomeni.

Kwa hiyo inabaki 7...Ke6, mfalme anatembea mwenyewe kwenda kumlinda farasi. Simamisha saa kichwani hapa uhesabu. Wanaoshambulia d5: askofu wa c4 na malkia wa f3, wawili. Wanaolinda: mfalme wa e6 na malkia wa d8, wawili. Farasi wa d5 mwenyewe amebanwa, kwa sababu akitoka tu askofu anamfikia mfalme.

Wawili kwa wawili maana yake Mweupe hawezi kula bado. Kosa baya kuliko yote upande wa mshambuliaji linatokea hapa, na linatokea kwa sababu cheki inavutia mkono: 8.Bxd5+ Qxd5 9.Qxd5+ Kxd5. Hesabu kilichobaki. Mweupe ametoa farasi, askofu na malkia. Mweusi ametoa farasi na malkia. Askari mmoja wa ziada hafidii kete nzima, na mfalme wa d5 ambaye dakika moja iliyopita alikuwa hatarini sasa yuko salama, maana malkia wote wameondoka. Mchezo uliokuwa na kila dalili ya ushindi umegeuka kuwa mwisho mrefu wa kuteseka.

Hatua sahihi haina cheki wala haili chochote: 8.Nc3. Mshambuliaji wa tatu ameingia. Sasa ni watatu kwa wawili, na Mweusi lazima aongeze mlinzi hatua hiihii. Farasi wa c6 ana njia mbili za kufanya hivyo, b4 na e7. Wapo wanaomrukisha d4 ili kumshambulia malkia, lakini pale halindi d5, na 9.Bxd5+ inafuata mara moja. Paul Morphy wa Marekani aliwahi kumwadhibu mpinzani aliyecheza hivyo: alimkimbiza mfalme mweusi kupita katikati ya ubao hadi c1, kisha akamwingiza mfalme wake ngomeni, na ngome ilipotua f1 ikawa chekimeti kwenye hatua ya 18.

Farasi akienda b4

8...Nb4 inasawazisha hesabu, watatu kwa watatu, na inatishia Nxc2+ inayomshika mfalme na ngome ya a1 pamoja. Mshambuliaji anayeangalia d5 tu hujikuta amepoteza ngome. Dawa ni 9.Qe4. Malkia bado anaiona d5, sasa analinda c2 pia, na amembana askari wa e5 mbele ya mfalme wake. Inaendelea 9...c6 10.a3 Na6 11.d4 Nac7.

Hesabu tena. Wanaoshambulia d5: malkia, askofu, farasi, watatu. Wanaolinda: mfalme, malkia, askari wa c6, farasi wa c7; wanne. Mlango wa d5 umefungwa, na anayeendelea kuugonga anapoteza muda. Mchezaji mzuri anahamia mraba wa jirani. Ule wa e5 unalindwa na mfalme peke yake, kwa hiyo 12.Bf4.

Itazame hatua hii kwa makini, maana ina uzuri wake. Askofu ametua mahali ambapo askari wa e5 anaweza kumla na farasi wa d5 anaweza kumla, bila mlinzi anayeonekana kutosha. Lakini askari akila, safu ya e inafunguka na malkia mweupe anamfikia mfalme, ni haramu. Farasi akila, askofu wa c4 anamfikia mfalme. Nayo ni haramu. Kete mbili zinamtazama askofu na hakuna inayoruhusiwa kumgusa. Mweusi kwa kawaida anamrudisha mfalme f7, na 13.Bxe5 inampa Mweupe askari wawili kwa farasi mmoja huku shambulio likiendelea na farasi wa d5 akiwa bado amebanwa kwenye mshazari uleule.

Farasi akienda e7

Hii ndiyo njia ya mchezo wa Polerio dhidi ya Domenico, na unafaa kuwekwa ubaoni hatua kwa hatua. 8...Ne7 9.d4 c6 10.Bg5 h6 11.Bxe7 Bxe7. Mweupe hakuongeza mshambuliaji, ameondoa mlinzi. Farasi wa e7 alikuwa analinda d5; askofu aliyechukua nafasi yake hailindi.

12.O-O-O, mfalme anaingia ngomeni upande wa malkia na ngome inakaa d1, nyuma ya askari wa d4. 12...Rf8 13.Qe4 Rxf2 14.dxe5. Safu ya d imefunguka, na ngome ya d1 sasa inaiona d5. Washambuliaji wanne: malkia, askofu, farasi, ngome. Walinzi watatu: mfalme, malkia, askari wa c6. Kuanzia hapa Mweusi anapigania kuiziba safu hiyo: 14...Bg5+ 15.Kb1 Rd2. Ngome nyeusi imejitupa kati ya ngome ya d1 na mraba wa d5.

16.h4 Rxd1+ 17.Rxd1 Bxh4, na kizibo kimeondoka. 18.Nxd5 cxd5 19.Rxd5 Qg5 20.Rd6+. Cheki hii ni ya kete mbili kwa pamoja, ngome ya d6 na askofu wa c4 aliyefunuliwa nyuma yake. Kuikinga haiwezekani, na mfalme hawezi kumla ngome kwa kuwa askari wa e5 anamlinda. 20...Ke7 21.Rg6, malkia mweusi anashambuliwa, g7 inafuata, na mchezo uliishia hapo kwa ushindi wa Mweupe.

Kila hatua kubwa katika mchezo ule imebadilisha hesabu ya d5, ama kwa kuongeza mshambuliaji, ama kwa kuondoa mlinzi, ama kwa kuondoa kizuizi.

Pamoja na hayo, kwa mchezaji mwenye dakika 15 kwenye saa, kafara ya hatua ya 6 si lazima ifanywe papo hapo. 6.d4, inayoitwa shambulio la Lolli, inafungua katikati kwanza na kuiacha Nxf7 ikining'inia juu ya Mweusi kama tishio. 6...exd4 7.O-O inaweka ngome tayari kwenda e1. Jibu gumu zaidi ni 6...Bb4+ 7.c3 Be7: askofu ametumia hatua mbili kufika alipoweza kufika kwa moja, lakini askari mweupe sasa amekalia c3, na ule mraba ndio farasi wa b1 aliohitaji ili awe mshambuliaji wa tatu. Ukikutana na mtu anayecheza hivyo, jua umekutana na aliyesoma.

Kile Mweusi alipaswa kucheza

Turudi hatua ya 5. Badala ya kula, 5...Na5. Farasi anamshambulia askofu wa c4, ambaye ndiye roho ya shambulio lote. 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6, na askofu anashambuliwa tena. Njia ya zamani ni 8.Be2 h6 9.Nf3 e4 10.Ne5.

Hesabu hatua kumi za Mweupe hadi hapo. Farasi ametembea mara nne, askofu mara tatu, askari wa e mara tatu. Hakuna kete nyingine iliyoguswa. Mweusi ametoa askari mmoja na kwa malipo yake amepata muda: 10...Bd6, mfalme anaingia ngomeni, ngome zinakuja katikati, na ni Mweupe anayejitetea sasa. Wachezaji wasiopenda kuwa nyuma kwa askari wanaikimbia njia hii, na nadhani wanakosea. Askari mmoja dhidi ya kete zilizotoka ni bei nzuri kwenye mchezo wa dakika 15.

Lakini isichezwe kwa usingizi. Farasi wa a5 amekaa pembeni na ana miraba michache ya kurudi. Asipofanyiwa mpango atabaki pale hadi mwisho wa mchezo. Mweupe pia ana maboresho. Siku hizi wengi wanacheza 8.Bd3, askofu anailinda e4 ili askari mweusi asipite. Na kuna hatua inayoonekana ya ajabu, 9.Nh3 baada ya 8.Be2 h6. Steinitz, bingwa wa dunia wa wakati huo, aliicheza dhidi ya Chigorin mwaka 1891 katika mechi iliyochezwa kwa telegrafu, na Bobby Fischer akaifufua mwaka 1963 dhidi ya Bisguier. Farasi anakaa pembeni, lakini askari mweusi akija e4 hamkuti wa kumfukuza.

Mweusi ana njia nyingine mbili za kutokula, 5...b5 na 5...Nd4. Dhidi ya ya kwanza kumbuka kitu kimoja tu: usile 6.Bxb5, kwa sababu 6...Qxd5 inamshika askofu wa b5 na askari wa g2 kwa pamoja. Rudi 6.Bf1. Inaonekana kama woga, ila askofu pale analinda g2 na malkia mweusi hapati chochote.

Halafu kuna wale wasiocheza hata 4...d5. Wanaiacha f7 na kutoa 4...Bc5, njia ya Karel Traxler, padri wa Kicheki ambaye mchezo wake dhidi ya Reinisch mwaka 1890 uliipa jina. Ukila 5.Nxf7, jibu ni 5...Bxf2+ na sasa mfalme wako ndiye anayekimbizwa. Usiyejiandaa, kula kwa askofu: 5.Bxf7+ Ke7, kisha mrudishe 6.Bb3 au 6.Bd5. Una askari mmoja wa ziada na mfalme mweusi hawezi kuingia ngomeni.

Mezani, saa ikitembea

Nafasi hizi zina kete nyingi zilizobanwa, na hapo ndipo waamuzi huitwa. Mchezaji mweusi anaona askofu ametua f4, anamla kwa askari wa e5, anabonyeza saa. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, hatua haramu ya kwanza inampa mpinzani dakika mbili za ziada, na ya pili inakupotezea mchezo. Kwenye saa iliyobaki na dakika nne, dakika mbili kwa mpinzani ni nyingi.

Ukigusa tu bila kucheza, hali ni tofauti. Kete iliyoguswa lazima ichezwe ikiwa ina hatua halali. Katika nafasi ile ya 12.Bf4, askari wa e5 hana hata moja, kwa kuwa mbele yake amesimama malkia na kula kokote kunamfunua mfalme. Farasi wa d5 naye hana. Aliyegusa mojawapo hafungwi na mguso wake. Yuko huru kucheza kete nyingine, na mpinzani anayemlazimisha vinginevyo aelezwe na mwamuzi. Rekodi na saa vibaki kama vilivyo, inua mkono, ita.

Kwa mazoezi, usianzie hatua ya 1. Panga nafasi ya baada ya 7...Ke6, weka dakika 5 kwa 5, cheza mara moja kwa weupe na mara moja kwa weusi dhidi ya mtu yuleyule. Kabla ya kila hatua taja kwa sauti namba mbili za d5, washambuliaji kwanza, walinzi baadaye. Namba zikilingana na zamu ni yako ukiwa na weupe, usile; tafuta kete ya kuleta, mlinzi wa kuondoa, au mraba wa jirani wenye mlinzi mmoja. Ukiwa na weusi na namba zimekulemea, ongeza mlinzi hatua hiyohiyo, hata kama kuna kete nyeupe ya bure upande mwingine wa ubao.